Chungu cha Maharagwe

Wafini wana neno: papupata.
Papu ni haragwe, pata ni chungu.
Si pata ya kupata, usichanganye,
ingawa Oiva Karppinen alipomwoa Taimi
wanaume wa kituo cha maziwa walinong'ona:
kapata.

Tazama chungu cha maharagwe kikishashika moto:
pu-pu-pu, pu-pu-pu, kifuniko kinacheza,
povu linachungulia, linarudi, linachungulia tena,
hakuna haragwe linalosubiri lenzake limalize.
Ndivyo alivyo mtu wa neno hili.
Usimwite mmbeya. Mmbeya hubeba ya jirani
akayauza rejareja.
Papupata hubeba yake mwenyewe na kuyagawa bure:
ndoto yake ya soksi moja, bei ya siagi,
mbwa wa binamu aliyemeza kizibo.
Kiswahili kingemwita chiriku,
lakini chiriku akituchoka huruka zake.
Chungu hakina mabawa. Chungu kinakaa mekoni.

Mwalimu humwambia mtoto wa dawati la nyuma,
"We papupata, hebu epua kidogo,"
na mtoto hucheka. Neno halina mwiba.
Lina mvuke tu,
na aliyewahi kufunua chungu kwa pupa
anajua mvuke unavyofanya.

Oiva aliendesha greda ya kusukuma theluji.
Asubuhi alisema, "Imeanguka."
Jioni alisema, "Imeisha."
Katikati yake palikuwa na Taimi.

Mwaka ule wa baridi ya kupasua mabomba,
kwenye kahawa ya matanga ya shemeji yao,
Taimi akiwa amefika kwenye kizibo,
Oiva aliweka kikombe chini, mbele za watu:
"Epua, papupata."
Watu walicheka. Hata mjane alicheka.
Taimi alikunja leso yake mara nne.

Siku kumi na moja.
Alipika, alifua, alichanja kuni,
alimpitishia chumvi kabla hajaiomba.
Siku ya tatu Oiva alisikia saa ya ukutani,
ambayo alidhani iliharibika zamani.
Siku ya saba alisikia magoti yake mwenyewe.
Siku ya tisa aliwasha redio, akaizima;
haikujua jina lake.

Siku ya kumi na mbili aliingia na theluji mabegani,
akasimama mlangoni bila kuvua viatu.
"Yule mbwa," alisema, "alikufa?"
"Mbwa gani?"
"Aliyemeza kizibo."
Taimi alimtazama kwa muda mrefu,
muda ambao ungetosha kumenya kiazi.
"Afe?" alisema. "Afe vipi, na yule binamu
alivyomnywesha mafuta ya samaki kwa kijiko cha fedha,
kile cha mama yake, ambacho, keti basi nikueleze..."
Viatu viliyeyuka pale pale sakafuni.

Sasa Taimi yuko nyuma ya kanisa la mbao, tangu Februari,
ambapo ardhi ilibidi ipashwe moto kwanza
ndipo ikubali kuchimbika.

Ijumaa, Sanelma, muuguzi wa kuzungukia wazee,
alikuja na mashine yake ya kupima presha.
Madirisha yote yalikuwa yametoka jasho.
Chungu jikoni, moto mdogo, pu-pu-pu.
Kiti kimesogezwa karibu, kama cha mgeni.
"Hukuwahi kuniambia unapenda maharagwe."
"Siyapendi."
Sanelma aliandika namba ya juu, akaandika ya chini.
Alinusa. Yalianza kushika chini.
Akanyoosha mkono kwenye swichi ya jiko.

"Acha," alisema Oiva.
"Hajamaliza."

Sanelma akaongeza maji.